Dozi ya mionzi: inathibitishwa au inahakikiwa?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu tiba ya saratani kwa mionzi. Kuna jeli inayowekwa mashineni kwanza badala ya mgonjwa, ili ijulikane kama mionzi inafika palipopangwa na kwa kiasi kilichopangwa. Nimeandika: "Jeli inathibitisha kipimo cha mionzi." Mhariri kapigia mstari "inathibitisha" na "kipimo". Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri wako anaona mbali. Kipimo ni neno lililotwishwa mizigo mingi: ni kifaa cha kupimia, ni kiasi kinachopatikana baada ya kupima, na hospitalini ni uchunguzi wenyewe ("ameandikiwa vipimo"). Hapa jeli nayo ni kipimo, kwa hiyo sentensi yako inajikanyaga. Andika dozi. Ila uwe macho, maana tumezoea kusema mtu "amemaliza dozi" tukimaanisha vidonge vyote. Katika mionzi, dozi ni nishati iliyofyonzwa na kila kilo ya mwili: grei 1 ni jouli 1 kwa kilo. Mgonjwa hupokea, mathalani, grei 2 kwa kila mkupuo. Anachomaliza ni matibabu. Na tafadhali, wingi wake ni dozi, si "madozi".

Kuthibitisha ndiko kwenye utata zaidi. Anayethibitisha tayari ana jibu, analitolea ushahidi. Anayehakiki bado hajui, analinganisha. Tazama kazi yenyewe. Jeli ya polima, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, huwa angavu kabla ya kupigwa mionzi. Ikishapigwa, molekuli ndogo zilizomo huungana kuwa minyororo, na pale miale ilipokutana hutokea weupe wa ukungu. Dozi ikizidi, weupe nao huzidi. Kisha jeli husomwa kwa MRI (mashine ya kupiga picha kwa sumaku) au kwa skana ya mwanga, ikapatikana picha ya pande tatu, ndipo picha hiyo ikalinganishwa na mpango wa matibabu.

Nani basi amehakiki? Si jeli. Jeli imenakili, skana imesoma, mwanafizikia wa tiba ndiye aliyehakiki. Kuipa jeli kitenzi hicho ni kuiamini kupita kiasi, kwani nayo hukosea: oksijeni ikipenya ndani, molekuli hushindwa kuungana na weupe hupungua. Katika jeli ya Fricke, aina nyingine inayotumia chuma, ayoni (chembe zenye chaji) za chuma hicho husambaa taratibu na mipaka ya dozi ikafifia, kwa hiyo haifai kukawia kusomwa.

Mimi ningeandika: "Kabla ya mgonjwa kutibiwa, mwanafizikia huhakiki dozi ya mionzi kwa kutumia jeli." Usije ukaifupisha ikawa "huhakiki dozi ya jeli", msomaji atadhani jeli yenyewe ni dawa ya kumeza.