Kutoka bodi ya shule hadi bunge la jimbo

Ndugu, umeuliza iwapo utumishi katika bodi ya shule unaweza kumfikisha mtu kwenye bunge la jimbo nchini Marekani. Naam, na mfano ninaouheshimu kuliko yote ni Shirley Weber wa California, binti wa mkulima wa Arkansas aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, ambaye, akiwa mhadhiri wa chuo kikuu, alikaa katika bodi ya elimu ya San Diego kuanzia 1988 hadi 1996, kisha akachaguliwa kuingia bungeni mwaka 2012. Humo aliwasilisha muswada AB 392, uliotiwa saini mwaka 2019, ambao uzito wake umo katika neno moja: haitoshi tena kwamba polisi aliona inafaa kutumia nguvu ya kuua, bali ni sharti iwe lazima. Familia za watu waliouawa na polisi ziliupigania pamoja naye. Tangu Januari 2021 yeye ni Katibu wa Jimbo, anayesimamia uchaguzi, ilhali baba yake, kwa kuwa alikuwa Mmarekani mweusi, hakuweza kupiga kura alipokuwa Arkansas.