Madogo wa Kigiriki wanapotelea wapi? Maswali yenu

Juzi niligusia kidogo tu habari ya wanasoka vijana wa Ugiriki wanaowaka wakiwa na miaka 17 halafu wakifika 23 humsikii tena mtu, meseji zikamiminika kuliko nilivyotegemea. Nadhani ni ya Samatta hii, maana alivyotua PAOK 2023 watu kibao hapa nyumbani wakaanza kuiangalia ligi ya kule na msimu huohuo akabeba ubingwa. Nimechagua maswali machache, mengine samahani, hayakutosha.

Zamani kwenye gemu ya kompyuta nilikuwa namsajili dogo mmoja anaitwa Ninis kila msimu, aliishia wapi? (Tabata)

Hahaha, hauko peke yako. Sotiris Ninis alianza kuchezea timu ya wakubwa ya Panathinaikos Januari 2007 akiwa na miaka 16, mtoto wa kuzaliwa Albania, mguu laini balaa. Julai mwaka huohuo akaenda na timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 19 (U19) kwenye Euro kule Austria wakafika fainali, wakafungwa 1-0 na Hispania. Mei 2008 akaitwa timu ya taifa, mechi na Cyprus, akafunga siku ya kwanza tu, miaka 18 na wiki kadhaa. Sasa fikiria we ndo huyo mtoto, uko Athens, mji una magazeti ya michezo yanayotoka kila siku na mengine kazi yake ni klabu moja tu asubuhi mpaka jioni, lazima wapate cha kuandika, wakaandika Ninis, Ninis, Ninis.

Halafu 2011 goti likaondoka. 2012 akaenda Parma, hakukaa, akarudi PAOK, akarudi Panathinaikos, akaenda Ubelgiji, akaenda Israeli, unaona ramani ilivyo. Watu wanasema goti ndo lilimmaliza, mi nakubali nusu tu. Angalia nani walikuwa naye kwenye ile timu ya 2007: Sokratis, yule beki aliyekuja kucheza Dortmund na Arsenal, na Mitroglou straika. Hakuna aliyekuwa anaimbwa kama Ninis. Sokratis alienda Genoa akiwa kijana akakomaa kule taratibu, anakosea mechi hii anasahihisha ile, hakuna gazeti la kumbeba wala la kumzika. Jina la Ninis lilikua haraka kuliko dakika za kucheza alizokuwa nazo miguuni, na ukisoma majibu mengine hapa chini utaona narudi palepale kwenye dakika.

Si wamejaza wageni tu kwenye ligi yao? Wazawa watacheza wapi? (Morogoro)

Wageni wapo wengi kweli, fainali ya Conference League 2024 Olympiacos walipoifunga Fiorentina 1-0 kwa goli la El Kaabi, Mmoroko, kwenye muda wa nyongeza, Wagiriki waliokuwa uwanjani ulikuwa unawahesabu kwa vidole, kipa Tzolakis, beki Retsos, na wachache wengine. Lakini mgeni hajipangi mwenyewe bwana, anapangwa na kocha. Na kocha wa kule anaishi kwa wiki mbilimbili. Msimu uleule waliochukua kombe la Ulaya, Olympiacos walipita makocha watatu, Diego Martínez, akaja Carvalhal, ndo akaja Mendilibar Februari. Klabu kubwa hiyo. Sasa we kocha unajua ukitoa sare mbili mfululizo begi liko mlangoni, utampanga mtoto wa miaka 18 anayejifunza au utampanga Mbrazil wa miaka 31 aliyeshaona kila kitu? Hata mimi ningempanga Mbrazil.

Hapohapo klabu kubwa zimechelewa sana kuwa na timu B, yaani timu za pili za madogo, zinazocheza ligi. Ni kuanzia 2021 tu ndo zikaruhusiwa kuingiza timu B daraja la pili. Kabla ya hapo dogo akimaliza U19 alikuwa na njia mbili, akae jukwaani na timu ya wakubwa akiangalia, au apelekwe mkopo kwenye klabu ya mkoani ambayo mshahara wenyewe unakuja ukipenda. Tena hii ni baada ya mgogoro wa madeni ulioanza 2009, AEK yenyewe, klabu kubwa ya Athens, AEK jamani, ilishuka daraja 2013 ikaenda kuanza upya kwenye ligi ya ridhaa.

Nina mwanangu yuko akademi hapa Mombasa, nataka kujua kule wanachanganyaje mpira na shule? (Mama Wawili)

Mama, hapo umegusa kitu ambacho wachambuzi wanakiruka. Ugiriki kuna mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, Panellinies, unafanywa kiangazi mwisho wa sekondari, na familia nyingi zinaona maisha ya mtoto yote yako pale. Kwa hiyo mtoto wa miaka 16 anatoka shule mchana, jioni anaenda tuisheni, wenyewe wanaita frontistirio, analipiwa kwa jasho la wazazi, na mazoezi nayo ni jioni hiyohiyo. Baba anauliza, leo fizikia au mpira? Baba wa Kigiriki hana tofauti na wetu, atasema fizikia, na simlaumu hata kidogo, kwa sababu klabu haimwahidi kitu. Ushauri wangu kwako, ukienda akademi waulize ratiba ya shule ikoje kabla hujauliza kocha ana leseni gani.

Wakitoka kwenda nje mbona wanarudi haraka hivyo? Au ni laini? (Kigoma)

Laini hapana. Wanaenda pabaya, wakati mbaya. Charis Mavrias, winga, alicheza Champions League na Panathinaikos 2010 akiwa na miaka 16, Agosti 2013 Sunderland wakamnunua, mwezi uliofuata tu kocha aliyekuwepo, Di Canio, akafukuzwa, dogo akabaki na kocha ambaye hakumwomba. Mechi alizocheza ligi kuu ni za kuhesabu. Retsos naye 2017 aliuzwa Leverkusen kwa euro milioni 17 na ushee, akiwa na miaka 19, msimu wa kwanza safi tu, baada ya hapo majeraha na mikopo, Sheffield United, Saint-Étienne, mpaka akarudi Olympiacos, na hapo ndo nikamtaja kwenye ile fainali ya 2024. Kwa hiyo kurudi si lazima iwe kufeli.

Ila anayenifurahisha ni Tzolis, winga. Alivuma PAOK 2020 alivyowaadhibu Besiktas mechi ya mchujo, mwaka uliofuata Norwich, timu inapigana isishuke, na ikashuka, mtoto anakaa benchi anaangalia mvua. Wangapi walimfuta? Akaenda Düsseldorf, daraja la pili Ujerumani, msimu wa 2023/24 akatupia magoli 22. Ishirini na mbili! 2024 akaenda Club Brugge na timu ya taifa hawakumuacha. Miguu ni ileile iliyokuwa benchi Norwich, tofauti huku alipangwa Jumamosi, akapangwa na Jumamosi iliyofuata. Pavlidis, straika, naye njia yake haikuwa na picha nzuri za kuposti: aliondoka Ugiriki mdogo kwenda Bochum, akaenda Willem II, akaenda AZ, 2023/24 akamaliza mfungaji bora wa Uholanzi na magoli 29, akalingana na Luuk de Jong. Oktoba 2024 akawapiga England mbili pale Wembley, 2-1. Nyumbani kwao wengi walikuwa hawajawahi kumuona akicheza ligi yao, kwa sababu hajacheza.

Yule Fetfatzidis kweli alikuwa Messi wa Ugiriki? (Bukoba)

Alikuwa mfupi na anatumia kushoto.

Na yule aliyepiga saluti ya Wanazi? (Nairobi)

Giorgos Katidis, huyo alikuwa nahodha wa U19 iliyofika fainali ya Euro 2012, wakafungwa tena 1-0 na Hispania tena. Machi 2013 akiwa AEK akafunga goli dhidi ya Veria, akavua jezi, akanyoosha mkono, akasema hakujua maana yake. Wakamfungia timu ya taifa maisha. Miaka 20. Alichofanya kibaya na sitamtetea, ila najiuliza mtu anakuwa nahodha wa vijana wa nchi ambayo Wajerumani waliikalia vita vya pili, watu wakafa njaa Athens, na hakuna kocha wala mwalimu aliyewahi kukaa naye akamwambia hicho kitu ni nini?

Karetsas je? Naye tumuandikie rambirambi mapema? (Temeke)

We Temeke una mdomo! Hapana, kaa kwanza. Konstantinos Karetsas amezaliwa Genk, Ubelgiji, amepitia akademi ya palepale Samatta alipochukua ubingwa 2019, na alishachezea timu za vijana za Ubelgiji kabla ya kuchagua Ugiriki. Machi 2025 pale Hampden Ugiriki waliipiga Uskoti 3-0, wafungaji Konstantelias, yeye, na Tzolis, yeye akiwa na miaka 17, na hapo rekodi ya Ninis ya mfungaji mdogo zaidi ikaenda. Nilichokiangalia ni kwamba baada ya hapo alirudi klabuni kwake Genk kucheza mechi ya kawaida, kwenye mji mdogo ambao magazeti ya Athens yako mbali. Kostoulas, straika, ndo ananitia wasiwasi zaidi, Olympiacos walimuuza Brighton 2025 akiwa na miaka 18 kwa zaidi ya euro milioni 30, hela hiyo ina kelele zake. Mi kila wikiendi siangalii kafunga au hajafunga, naangalia tu kwenye orodha ameingia dakika ya ngapi.