Supavaiza hajibu meseji, nifanyeje?

KONA YA MWALIMU, TANGA

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana wa vyuoni, wale walioanza kazi ya utafiti juzijuzi. Nimechagua tatu. Ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana na mimi nilipita humohumo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nasoma PhD mwaka wa pili, chuo kiko Dar ila data nakusanyia huku Tanga, Sahare, kwa kina mama wanaochokoa pweza. Supavaiza wangu ni mtu mkubwa, ana wanafunzi kumi na kitu, toka mwezi wa tatu hajanijibu. Nimemtumia chapta nzima, kimya, wasapu naona tiki za bluu, kimya. Kuna wenzangu wa Uingereza nimekutana nao kwenye zoom, wao wana menta na wana watu wa kuwashauri mambo ya ajira, mimi wa kumuuliza nianzie wapi sina. Nitafute menta mwingine? Na Prof akijua si ntakuwa nimejichongea? — Yatima wa Sahare

Marahaba mwanangu. Kwanza pole. Enzi zangu nilimpa mkubwa wangu andiko la kurasa arobaini, likakaa kwake miezi minane, liliporudi lina alama moja tu ya kalamu nyekundu, koma kwenye ukurasa wa pili. Ile koma naikumbuka mpaka leo.

Sasa sikiliza, unachanganya watu wawili. Supavaiza amepewa na chuo asimamie tasnifu yako, basi. Menta ni mtu anayekuangalia wewe mwenyewe, unaelekea wapi, umejiandaa vipi kwa kazi ijayo, pepa hii uipeleke wapi, ukikataliwa ulie siku ngapi. Kuna wachache wanaoweza yote mawili na wenye bahati wanawapata, ila ukimsubiri mtu mmoja akufanyie kila kitu utasubiri sana. Mimi nilikuwa nao wanne au watano, mmoja wa takwimu, mmoja wa Kiingereza cha kuandikia, mmoja alikuwa mhasibu wa chuo aliyenifundisha kutengeneza bajeti ya mradi, na sidhani kama hata mmoja wao alijua kwamba namhesabu menta.

Kosa wanalofanya vijana wengi ni kwenda kwa mtu mzima na ombi kubwa lisilo na umbo. Najua kwa sababu meseji hizo hata mimi nazipata: "Shikamoo Mwalimu, samahani kwa usumbufu, naomba uwe menta wangu." Sasa hapo najibu nini? Nikikubali nimekubali kitu gani, cha miaka mingapi? Basi naiacha nitaijibu baadaye, na baadaye yenyewe haifiki. Wewe andika hivi: "Shikamoo Dokta, mimi ni fulani, nafanya utafiti wa pweza Sahare, nilisoma pepa yako ya nyavu nikaona umegusa tatizo langu. Nimeambatanisha kurasa mbili. Naomba uniambie kitu kimoja tu, je huu mchoro wa pili unaeleweka bila mimi kuuelezea? Ukiweza kabla ya Ijumaa ijayo ntashukuru, usipopata nafasi nitaelewa." Mtu anaisoma akiwa kwenye foleni ya benki na anajibu hapohapo, na akishakujibu mara tatu tayari mna uhusiano, hakuna aliyemtongoza mwenzie umenta.

Nikupe kisa cha samaki maana wewe ni mtu wa bahari. Silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, unamjua, ndiye aliyefanya mwaka 2009 itangazwe hifadhi ya bahari hapa kwetu, baada ya wavuvi wa Tanga kuanza kumtoa kwenye jarife za papa miaka ile ya mwanzoni mwa 2000. Dunia ilikuwa inajua amekwisha miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita. Wa kwanza alionekana Afrika Kusini Desemba 1938, kwenye shehena ya meli ya uvuvi, na aliyemuona ni binti wa miaka 31 aliyekuwa akitunza kimakumbusho kidogo mji wa East London, Marjorie Courtenay-Latimer, digrii hana. Mwenyekiti wa bodi yake akamwambia huyo ni chewa tu. Angeishia hapo leo tusingemjua. Alichofanya ni kuandika barua fupi na kuchora samaki kwa mkono, vipimo, magamba, mkia, akampelekea J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia wa Grahamstown aliyekuwa akipenda mambo ya samaki. Bwana yuko likizo, barua imemfikia tarehe 3 Januari, akapiga simu ya maandishi upesi kwamba ahifadhi mifupa na mashavu. Wakati huo matumbo yalishaoza na kutupwa, joto la kule na friji hakuna. Kwa hiyo usidhani kimya cha wakubwa kimeanza na Prof wako! Ila angalia alichokitumia yule binti: ukurasa, mchoro, swali moja. Chapta nzima asingetumia.

Kuhusu kujichongea, mwambie Prof mwenyewe, usiende kimyakimya akaja kusikia kwenye korido. "Prof, nimemwomba Dokta fulani anisaidie takwimu, nitakuletea ikiwa imekaa sawa." Wengi wanashukuru moyoni maana umempunguzia mzigo. Na chuo chako lazima kina mratibu wa masomo ya uzamili na fomu ya maendeleo inayotakiwa isainiwe kila baada ya muda, itumie hiyo fomu, mpelekee, umwombe nusu saa ya kuijaza pamoja, fomu humvuta mtu mezani kuliko meseji. Ikipita miezi mingine bado kimya, mwone mratibu, kwa adabu, na tarehe za meseji zako umeziandika.

Nje ya chuo, wako wa aina mbili. Watu wa bahari wana WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari, makao yake Zanzibar, ipo toka 1993, kila baada ya miaka miwili wana kongamano lao kubwa la nchi za Bahari ya Hindi magharibi, na imekuwa ikitoa ruzuku ndogondogo za utafiti zinazoitwa MARG. Nenda hata kama huna cha kuwasilisha, kaa meza ya chai. Wa pili ni AuthorAID, mpango wa INASP ya Uingereza ulioanza 2007 kwa ajili ya watafiti wa nchi kama zetu, unajiandikisha bure na unaweza kumpata mtu wa fani yako wa kukusomea andiko.

Halafu umenitajia kwa kupita tu hao kina mama wa Sahare. Yule bibi unayeongozana naye wakati wa bamvua maji yakikupwa, anayekuonyesha tundu lipi lina pweza na lipi limehamwa, anayejua jike akishataga hatoki tena, anakaa na mayai mpaka anakufa, huyo ndiye menta wako wa kwanza na umempata bila kuandika imeili. Jina lake liko wapi kwenye pepa yako?

Mwalimu, mkuu wangu wa idara anataka jina lake liwe la kwanza kwenye pepa niliyoandika mimi. Alichotoa ni boti ya siku mbili na barua ya utambulisho. Mkataba wangu unaisha Juni na yeye ndiye anayesaini. — Mtu wa Ngamiani

Hapa kuna haki na kuna hali halisi, na sitakudanganya kwamba ni kitu kimoja.

Haki iko hivi. Kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne, na majarida ya fani nyingine nyingi wanafuata njia hiyohiyo: uwe umechangia kwa maana kwenye wazo au data au uchambuzi, uwe umeandika au kuhakiki kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yote manne, siyo uchague. Boti ni shukrani, barua ni shukrani, cheo hata shukrani siyo. Wengine kwetu wanadhani pepa ni kama harusi, lazima mgeni rasmi atajwe mwanzo.

Hali halisi ni Juni. Mimi nafasi ya kwanza nisingeiachia, kabisa, maana kwenye kupandishwa cheo na kuomba kazi kwingine ndiyo wanayoiangalia. Ila ningempa nafasi ya kuistahili ya pili: mpelekee rasimu, mwombe ahakiki kwa maandishi sehemu ya majadiliano ndani ya wiki mbili. Akifanya kazi, amestahili. Asipofanya, una ushahidi. Pia majarida mengi siku hizi yanataka ueleze nani alifanya nini kwa ule mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, basi lete hiyo orodha mezani kama takwa la jarida, kila mtu ajaze lake, kelele zitapungua zenyewe. Pepa ijayo mnaongea majina kabla hamjaingia kwenye boti, na mnaandika.

Na yule Smith wa silikanti, kama unajiuliza, yeye ndiye aliyemwelezea samaki kisayansi na angeweza kumpa jina lolote. Alimwita Latimeria, jina la yule binti.

Nimepata imeili, jarida la kimataifa wanasema wamesikia sifa zangu, pepa itatoka ndani ya siku tano, dola 300. Nilipe? — Dada wa Chumbageni

Usilipe. Siku tano hazitoshi hata mtu kuisoma vizuri. Jarida lolote la kusoma bure mtandaoni ulitafute kwanza kwenye DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida ya aina hiyo yaliyokaguliwa, halafu wahariri wake watafute mmojammoja uone kama wapo kweli na kama wanajua kwamba ni wahariri. Na kabla ya dola yoyote muulize mkutubi wa chuo, watu wanamdharau mkutubi, yeye ndiye anayejua kama chuo chenu kimejiunga na Research4Life mpate pepa za kulipia bila kulipia. Futa hiyo imeili, kesho mwahi asubuhi kabla hajatoka kwenda chai.