Pikapu ya mzigo: mafuta yahesabiwe kwa gunia

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nanunua viazi vijijini na kuvishusha Makambako, wateja wa Dar wanavipakia hapo kwenye malori. Nimechoka kukodi gari, nataka pikapu yangu. Nimeonyeshwa Toyota Hilux mbili za mwaka 2010, zote kebini moja, zote 4x4. Moja ni ya petroli, injini 2.7. Nyingine ni dizeli ya D-4D, 2.5, na bei yake imezidi kwa shilingi milioni 6. Dalali anasema ya dizeli inakwenda kilomita 13 kwa lita. Kaka yangu ananicheka, anasema anayenunua pikapu haulizi mafuta, anauliza nguvu. Kwa mwezi natembea kama kilomita 1,500, nusu lami, nusu vumbi na vilima. Je, mafuta ni ya kuangalia au kaka ana hoja? Na nikichukua ya petroli, naweza kufunga gesi baadaye? – Mama Viazi, Makambako

JIBU: Dada, mafuta yaangalie, ila si kwa kipimo alichokupa dalali.

Hizo kilomita 13 kwa lita huenda gari lilizifikisha kweli, siku moja, tupu, kwenye lami iliyonyooka, dereva akiwa mpole. Hata namba za watengenezaji hupimwa hivyo hivyo kwa upole: gari linawekwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya jengo, halina mzigo, halina tope wala mlima. Wewe unabeba viazi. Na dalali akiongeza kwamba gari "limetoka kwa mtu mmoja Japani", mwombe karatasi. Hilux haikuuzwa kwa wateja wa Japani kuanzia 2004 hadi 2017, na nyingi za umri huo unazoziona huku zilitoka viwanda vya Thailand na Afrika Kusini.

Kwa gari la biashara, kipimo ni lita ngapi zinaingia kwenye kila gunia linalofika sokoni. Tuchukue safari ya kilomita 35 kwenda na 35 kurudi, upande mmoja na mzigo, upande mwingine mtupu. Hilux ya petroli kwa barabara zenu na mzigo wa tani moja, mimi ningeihesabia wastani wa kilomita 7 kwa lita, kwenda na kurudi. Hiyo ni lita 10. Magunia 10 ya kilo 100, basi kila gunia limekula lita 1. Ya dizeli ikiwa nzima ihesabie kilomita 10 kwa lita: lita 7, yaani lita 0.7 kwa gunia.

Sasa weka Kirikuu kwenye hesabu hiyo hiyo, maana najua kuna mtu atakushauri uchukue Kirikuu "kwa sababu haili mafuta". Suzuki Carry ya cc 660 imetengenezwa kubeba kilo 350. Hata tukiipa kilomita 14 kwa lita, safari ni lita 5, na umebeba magunia matatu na nusu. Kila gunia limekula lita 1.4. Gari linalosifiwa kwa kubana mafuta ndilo linalokutoza zaidi kwa kila gunia. Canter ya tani tatu na nusu ikienda kilomita 5 kwa lita itamaliza lita 14 kwa magunia 35, ambayo ni lita 0.4 kwa gunia. Kwa hiyo siku ambayo wakulima wamechimba kwa pamoja na mzigo umejaa barabarani, kodi Canter, hata kama pikapu yako imepaki nyumbani. (Kirikuu nayaona yakibeba tani nzima, nayajua. Ndiyo yanayokuja gereji springi zimelala na breki zimeisha.)

Hesabu hii inaharibika ukibeba lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kwa sababu hujui umebeba nini. Magunia 10 yaliyoshonewa vilemba yanaweza kuwa tani na zaidi ya robo. Wakala wa Vipimo wanakataza ufungashaji unaozidi kilo 100, na ukiacha faini, Hilux iliyozidishwa mzigo inapanda mlima kwa gia ya pili mahali pa gia ya tatu, na mafuta unayaona yakishuka kwenye geji.

Turudi kwenye milioni 6 zako. Petroli na dizeli hupishana bei kila EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wanapotangaza bei kikomo mwanzoni mwa mwezi, lakini kwa hesabu rahisi tuseme zote ni shilingi 3,000 kwa lita. Kilomita 1,500 kwa mwezi: ya petroli lita 214, ya dizeli lita 150. Tofauti ni lita 64, kama shilingi 192,000 kwa mwezi, au milioni 2 na laki 3 kwa mwaka. Milioni 6 zinarudi kwa miaka miwili na nusu hivi. Ungekuwa unatembea kilomita 500 tu kwa mwezi, zingerudi baada ya karibu miaka minane, na ningekuambia chukua ya petroli mchana huu. Ungekuwa unafika kilomita 3,000, zinarudi kwa mwaka mmoja na miezi michache, na tusingekuwa na la kujadili. Wewe uko katikati, ndiyo maana swali lako ni gumu kuliko kaka yako anavyodhani.

Kumbuka pia kwamba tangu 2017 hatulipi tena ada ya mwaka ya leseni ya gari. Ilifutwa na tozo ikahamishiwa kwenye mafuta. Gari linalokula sana linalipa kodi nyingi zaidi kila linapoingia sheli.

Kaka yako amegusa jambo la kweli anaposema nguvu, ila sidhani kama amelifikiria hadi mwisho. Mko juu. Makambako na Njombe ni nyanda za juu, Njombe yenyewe iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hiyo 2.7 ya petroli, ambayo Dar ingekuvutia vizuri, huko kwenu imeshapoteza karibu moja ya tano kabla hujapakia gunia la kwanza. Ya dizeli ina turbo, inasukuma hewa yenyewe, haihisi mwinuko kwa kiasi hicho. Tena nguvu ya kuvuta ya hiyo dizeli inapatikana kuanzia mizunguko kama 1,600 kwa dakika, wakati ya petroli unaipata vizuri ukifika karibu 3,800. Kwenye kilima chenye vumbi na mzigo, mmoja anapanda kwa utulivu, mwingine anaunguruma na gia ya chini. Huko kuunguruma ndiko mafuta yanakokwenda. Kwa hiyo kwako nguvu na mafuta ni swali moja.

Mpaka hapa dizeli inashinda. Sasa nikutie hofu kidogo.

Injini ya D-4D inapeleka mafuta kwa presha kubwa mno, na nozeli zake, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, zina matundu madogo kuliko unavyoweza kuyaona. Maji kidogo au uchafu kidogo kwenye dizeli unaziua. Mafuta halali ya sheli huwekwa vinasaba, yaani alama ya kemikali, ili uchakachuaji ugundulike. Ya kidumu cha njiani hayana mtu wa kukuhakikishia. Ukiwa na mazoea ya kununua kidumu kijijini kwa sababu sheli iko mbali, usinunue D-4D. Nasema hivyo bila kuzunguka. Akiba yako ya mwaka mzima inaweza kuishia kwenye nozeli nne. Kabla hujatoa hata shilingi, pita kwa fundi wa nozeli unayemwamini, muulize bei ya seti nzima pamoja na kazi. Ikiwa bei hiyo inazidi mafuta utakayookoa kwa mwaka, na gari lenyewe linaonyesha dalili mbaya, jibu umelipata.

Dalili unazipata hivi. Nenda asubuhi, umwambie muuzaji mapema asiwashe gari. Weka mkono kwenye boneti kuhakikisha ni baridi. Liwashe. Likichelewa kuwaka, likitoa moshi mweupe usiokwisha, au likigonga kama linapondwa ndani kisha likatulia likishapata moto, nozeli zina neno. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta: mvuke kidogo ni kawaida, ukipuliziwa kwa nguvu kama bomba, pistoni na ringi zimechoka, funga mkoba uondoke. Halafu fundi achomoe mipira midogo ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli, kila mmoja auingize kwenye chupa yake, injini iachwe iungurume dakika chache. Chupa nne zijae karibu sawa. Moja ikijaa haraka kuliko wenzake, nozeli hiyo inavujisha, na hapo unaanza kushusha bei kwa ushahidi mkononi. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekujibu tayari.

Uliza pia habari za mkanda wa taimingi. Dizeli hiyo inatumia mkanda, na hubadilishwa karibu kila kilomita 150,000. Kwenye dashibodi kuna taa yake, lakini taa inaweza kuzimwa na mtu mjanja kwa dakika mbili bila mkanda kuguswa. Kama hakuna kumbukumbu, ubadilishe siku ya kwanza na uhesabu gharama hiyo ndani ya bei. Ya petroli inatumia cheni, haina usumbufu huo, na kwa jumla ni injini mvumilivu. Hata akiikuta fundi wa kijijini ataielewa.

Ndiyo sababu hiyo hiyo migodi na mashirika bado yanang'ang'ania Land Cruiser pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, inakula mafuta bila aibu. Wanachokiogopa wao ni gari kufia porini, si bili ya sheli. Wewe hufiki huko. Gari lako likizima, uko kilomita 20 kutoka kwenye lami, na bodaboda wamejaa.

Jaribu mafuta mwenyewe, ni rahisi. Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, usiongeze tone. Rudisha kile kihesabu kidogo cha kilomita kwenye sifuri. Tembea njia yako ya kawaida, na mzigo, hata kama ni mchanga umepakia kwa ajili ya jaribio. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza tena hadi ikate. Gawanya kilomita kwa lita. Angalia tu kama tairi ni za saizi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, kwa sababu tairi kubwa zaidi hufanya kihesabu kisome kilomita pungufu, na ndogo hufanya kinyume. Ukipata chini ya 8 kwenye ile ya dizeli, hesabu yangu yote ya juu imevunjika: faida yake juu ya petroli imebaki ndogo mno kulipa milioni 6.

Mambo mengine nayapita haraka. Upepo wa tairi upimwe tairi zikiwa baridi, na za nyuma zifuate kipimo cha mzigo. Kwenye lami, kati ya mwendo wa 80 na wa 110 kwa saa kuna tofauti kubwa ya mafuta, kwa kuwa ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, na pikapu ina umbo la kabati. Kushusha mlango wa nyuma eti upepo upite hakusaidii kitu, na viazi vitamwagika. 4x4 ifunge ukifika kwenye tope, uifungue ukitoka. Hilux hiyo haina difu ya katikati ya kuruhusu tairi za mbele na za nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, ukiiacha imefungwa kwenye lami unapoteza mafuta na unasaga gia bure.

Kwa hali uliyonieleza, mimi ningechukua ya dizeli, ikiwa tu imefaulu chupa nne na jaribio la tenki, na ikiwa utakuwa unajaza sheli inayoeleweka kila siku. Isipofaulu, chukua ya petroli bila kinyongo, na zile milioni 6 ziweke: ni kama lita 2,000 za mafuta, na inachokuzidishia ya petroli ni lita 64 kwa mwezi. Kuna kitu kimoja tu cha kukusumbua baadaye, nacho ni kuuza. Petroli 2.7 husimama muda mrefu sokoni kabla ya kupata mnunuzi, maana kila anayekuja anauliza swali lako hili hili.

Kuhusu gesi: injini ya petroli inafungwa mfumo wa gesi bila shida kubwa, na Dar watu wameona nafuu. Lakini vituo vingi viko Dar es Salaam na jirani zake, na gari lako linalala Makambako. Mtungi wenyewe ni mzito na utakaa kwenye bodi, mahali pa gunia moja au mawili, kila safari, uwe na gesi au usiwe nayo. Subiri kituo kifike kwenu kwanza.