Barua kwa mwanangu: yule mteja aliyepita akarudi

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kompyuta inawezaje kukokotoa nia, kitu kilicho moyoni mwa mtu. Kabla sijajibu, salio likakuishia.

Anzia hapa gengeni kwangu. Jana alikuja kijana, akaziona embe, akazipita, akaenda mpaka kona kuchungulia meza ya jirani, kisha akarudi kununua embe. Nikamwambia, "Maparachichi leo hayajaja." Akabaki ananitazama. Miguu yake ndiyo ilisema: angetaka embe asingefika kwenye kona, na angetaka ndizi za jirani asingerudi. Alikitaka kisichokuwepo mezani kwa yeyote, akiamini huenda kiko kule.

Mwaka 2017 mtafiti Chris Baker na wenzake wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walichapisha jaribio linalofanana kabisa na hilo. Kwenye mchoro, mwanafunzi anatafuta chakula. Magari ya kuuzia ni matatu, la Kikorea, la Kilebanoni na la Kimeksiko, ila maegesho ni mawili. Analiona la Kikorea, analipita, anachungulia nyuma ya jengo, anakuta la Kilebanoni, anarudi kwenye la Kikorea. Waliotazama wakasema anapenda zaidi cha Kimeksiko. Programu yao nayo ikasema hivyohivyo, na gari lenyewe halimo kwenye mchoro!

Hesabu yake (nilifundisha somo hilo miaka mingi, nivumilie) ni hii. Programu inashika kila jozi ya tamaa (anachokitaka mtu) na imani (anachodhani kiko wapi), inauliza: mwenye jozi hii, asiyependa kupoteza hatua, angepita wapi? Kisha inaligeuza swali kwa kanuni ya Bayes, ile ya kupima uwezekano kwa kutazama kilichotokea: maadamu amepita hapa, jozi ipi ina uwezekano mkubwa zaidi? Jozi inayomtembeza mtu bure inapungua uzito.

Sasa kama kijana wangu alikuwa anamkwepa mdai wake, au macho yake yalikuwa kwa binti wa jirani, mimi na programu tumekosea wote. Hizo sababu hatukuziweka kwenye orodha, na kisichoorodheshwa hakipigiwi hesabu.

Nawe juzi ulianza kwa kumuulizia paka, ukaenda kwa bibi, ukauliza bei ya embe, ndipo ukafika kwenye kompyuta. Paka humpendi. Nimekutumia elfu 30 kwenye simu. Lipa kodi ya chumba kwanza, vocha baadaye.

Mama yako