Alama 56 ni nafuu au ni mzigo? Kupima ubora wa maisha ya mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma na ninasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu ubora wa maisha ya wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo, na ninatumia dodoso la QLQ-C30, la maswali 30 kwa wagonjwa wa saratani, pamoja na nyongeza yake ya uvimbe wa ubongo, BN20. Nimekwama kwa mgonjwa mmoja, baba wa makamo anayetokea upande wa Kondoa. Kabla ya upasuaji alama yake ya matatizo ya mwendo ilikuwa 33, na wiki sita baadaye ikawa 56. Nikaandika kwamba anaendelea vizuri, msimamizi wangu akanirudishia kazi ikiwa na wino mwekundu. Tatizo la pili: mgonjwa anasema maisha yake ni mazuri tu, mkewe anasema hali ni mbaya. Nichukue majibu ya nani? Na kwa nini nisitumie tu alama ya Karnofsky, ya uwezo wa mgonjwa kujihudumia, ambayo madaktari tayari wanaijaza kwenye faili?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wino mwekundu ulistahili, ila usione haya, karibu kila mwanafunzi niliyewahi kumsimamia ameteleza hapohapo.

Dodoso hili lina alama za aina mbili zinazokwenda kinyume, ingawa zote zinaanzia 0 na kuishia 100. Kwenye uwezo (wa mwili, wa majukumu, wa hisia, wa akili, wa kijamii) na kwenye hali ya jumla, alama kubwa ni njema. Kwenye dalili, alama kubwa ni mzigo mkubwa. Matatizo ya mwendo ya BN20 yamo katika kundi la dalili, kwa hiyo hali ya mgonjwa wako imezorota.

Fanya hesabu kwa mkono mara moja, hutakosea tena. Sehemu hiyo ina maswali matatu: udhaifu wa upande mmoja wa mwili, viungo kutokwenda kwa mpangilio, na kuyumba anaposimama. Kila jibu ni 1 (hapana kabisa), 2 (kidogo), 3 (kiasi) au 4 (sana). Mara ya kwanza nadhani alijibu 2, 2, 2. Wastani ni 2, toa 1, gawa kwa 3, zidisha kwa 100, unapata 33.3. Mara ya pili labda 2, 3, 3. Wastani ni 2.67, na ukifuata njia ileile unapata 55.6. Kwa alama za uwezo unafanya hivyohivyo, kisha jibu unalitoa kwenye 100. Swali la 29 na la 30, yale ya hali ya jumla, yana ngazi saba, kwa hiyo unagawa kwa 6, na hayo hayageuzwi.

Sasa angalia jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Kwenye sehemu ya maswali matatu, mtu akipanda ngazi moja katika swali moja tu, alama inaruka kwa 11.1. Kwenye dalili zenye swali moja, kama maumivu ya kichwa au kifafa, ngazi moja ni 33.3. Watafiti wengi hushika kanuni iliyotolewa mwaka 1998 kwamba badiliko la 5 hadi 10 ni dogo, 10 hadi 20 ni la kati, na zaidi ya 20 ni kubwa. Kanuni ile ilitokana na wagonjwa wa saratani ya matiti na ya mapafu, tena kwa baadhi ya vipengele vya QLQ-C30. Itumie, lakini usiinyenyekee. Mzee akibadili "kidogo" kuwa "kiasi" siku ambayo basi limemtikisa njia nzima kuja mjini, ubongo wake haujabadilika kwa alama 33.

Na hayo maneno "kidogo" na "kiasi" yana visa vyake. Kwa Kiswahili chetu yanakaa jirani mno. Muulize mtu anaendeleaje, atakujibu "nzuri tu" hata akiwa ameshikilia ukuta. Ndiyo maana kabla ya kuanza mimi huzionyesha ngazi zote nne kwenye karatasi, na kueleza kwamba siulizi salamu. "Wiki iliyopita" nayo hutega: dodoso linakusudia siku saba zinazoishia leo, ila mtu wetu huhesabu Jumatatu hadi Jumapili ya wiki iliyokwisha. Kisha kuna neno kifafa. Nimeona mgonjwa akiapa kwamba hana kifafa, maana kwake kifafa ni ugonjwa wa ukoo fulani kijijini, huku kidole gumba chake kikicheza chenyewe mbele yangu. Kuhusu umakini, dodoso linatoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Bibi wa Chemba asiye na kimojawapo atajibu "hapana kabisa", nawe utadhani akili yake ni timamu kuliko yako.

Usitatue hayo kwa kubuni maneno yako kitandani. Dodoso lina wenyewe, na tafsiri hupita hatua zake: wafasiri wawili wanaofanya kazi kila mmoja peke yake, kupatanisha, kurudisha katika lugha ya asili, halafu kuwajaribia wagonjwa wachache na kuwauliza kila swali wamelielewaje. Omba kibali na toleo la Kiswahili kwa wenyewe. Ukikuta swali linakwama, liandike kwenye daftari na uliripoti, usilikarabati. Mgonjwa anayejieleza vizuri kwa Kigogo au Kirangi atafutiwe mkalimani asiye wa familia.

Hapo naongea kwa uchungu wa kosa langu. Nikiwa bado mwanafunzi nilimsomea mzee mmoja maswali kwa sauti, mkwewe akiwa ameketi pale pale kwenye benchi. Tulipofika swali la kuzuia mkojo alijibu "hapana kabisa", haraka, macho yameangalia dirishani. Alipoinuka, shuka lilikuwa limelowa. Nilijaza 1, na nilijua nimejaza uongo. Siku hizi naanza kwa kuwatoa watu wote nje, hata kama ni kwa kisingizio cha chai.

Hilo linatupeleka kwa huyu baba na mkewe. Nani mkweli? Kwa saratani nyingine ningekujibu bila kufikiri: mgonjwa. Ubora wa maisha ni wake, na ndiye anayeyaishi. Uvimbe wa ubongo, hata hivyo, unaweza kuharibu kifaa chenyewe cha kujipima. Aliyeguswa sehemu ya mbele ya ubongo anaweza asijue kwamba amebadilika. Aliyeguswa sehemu ya lugha anaweza kujua vizuri na akakosa neno. Dawa ya deksamethasoni nayo hupunguza uvimbe wa maji kuzunguka uvimbe wenyewe, mgonjwa akachangamka siku chache, kisha ikamkosesha usingizi na baadaye kudhoofisha mapaja. Na yupo ambaye hana hitilafu yoyote ya utambuzi, ila amekubali hali yake na kujiwekea kipimo kipya: zamani siku njema ilikuwa kulima ekari, sasa ni kutembea hadi kwa jirani.

Mke naye anaona kutoka upande wake. Kwa mambo yanayoonekana, kama kutembea, kuvaa na kula, majibu ya walezi hukaribiana na ya wagonjwa. Kwa huzuni, wasiwasi na uchovu hutengana, na mara nyingi mlezi huona hali kuwa mbaya kuliko mgonjwa anavyoiona. Huenda anachotaja ni uchovu wake yeye, aliyeacha shamba na watoto, akakaa Dar es Salaam mumewe akitibiwa. Treni ya umeme imepunguza saa za njiani, haijapunguza kodi ya chumba.

Kwa hiyo usichague, na tafadhali usichanganye ukapata wastani. Mgonjwa akijaza hali ya jumla 5 na 5, hiyo ni 66.7. Mkewe akijaza 3 na 3, ni 33.3. Wastani wa 50 ni wa mtu asiyekuwepo. Weka safu mbili kwenye jedwali lako, na safu ya tatu ya tofauti. Wahoji kila mmoja peke yake siku hiyohiyo. Mwambie mke ajibu kama anavyoamini mumewe angejibu, au kama yeye anavyomwona. Ni maswali mawili tofauti, chagua moja kwa wote. Fanya hivyo tangu ziara ya kwanza kwa kila mgonjwa, si kwa wale tu walioshindwa kuongea. Ukisubiri hadi mtu azidiwe ndipo umtafute mlezi, utashindwa kujua kama alama imeshuka kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu mjibuji amebadilika.

Wanaoacha kurudi kliniki wahesabu na uandike sababu. Katika ugonjwa huu mara nyingi wanaopotea ndio waliozidiwa, na wastani wa waliobaki utapendeza bila sababu.

Karnofsky ya mwaka 1949 iache kwenye faili na uiripoti pia. Inatolewa na mtaalamu, inapanda kwa kumi kumi, na inaeleza mtu anaweza kujifanyia nini. Mwenye 70 anajihudumia lakini hawezi kazi zake za kawaida. Haikuambii kama analala, kama anaogopa kesho, wala kama amekaa siku nzima akitafuta jina la mwanawe.

Kuhusu huyu baba, usisubiri utafiti uishe. Tofauti ya alama 22 kwenye mwendo, wiki sita baada ya upasuaji, mpelekee daktari wake leo: aangalie dozi ya deksamethasoni, amuulize juu ya dalili za kifafa, kama kidole kinachocheza chenyewe, amwelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na mkewe mkutanishe na timu ya tiba shufaa, inayopunguza mateso ya mgonjwa na familia yake. Yeye hayumo kwenye sampuli yako, lakini amekujibu maswali yote.