Muumini huyu amekwama hatua ya ngapi?

Swali la wiki hii lilikuwa: Je, maombi pekee yanatosha kumtoa Mkristo kwenye ulevi au dawa za kulevya, au ni lazima apitie programu ya kupona?

Swali limeziweka imani na programu kama wapinzani, na sivyo zilivyo. Hatua 12, programu ya kupona ambayo mraibu huipitia hatua kwa hatua, zilizaliwa miongoni mwa watu wa maombi. Waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, waliokutana Akron, Ohio, mwaka 1935, walilelewa kiroho na vuguvugu la Kikristo lililoitwa Oxford Group. Kujichunguza, kuungama na kurekebisha makosa walivichukua huko. Mwaka 1991 kanisa la Saddleback, California, likaanzisha Celebrate Recovery, programu ya kupona ambayo inamtaja Kristo waziwazi na kuziegemeza kanuni zake 8 kwenye Heri za Mathayo 5. Basi mimi ningeuliza: muumini huyu amekwama hatua ya ngapi? Mara nyingi jibu ni kati ya 3 na 5.

Lakini mwili kwanza. Mtu anayekunywa sana kila siku asifungiwe chumbani kwa mfungo wa siku 3 ili aombewe. Ubongo wake umezoea kufanya kazi huku pombe ikiukandamiza. Pombe ikikatwa ghafla, unachachamaa. Kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Kufunga kunamwongezea hatari, maana walevi wengi tayari wana upungufu wa vitamini B1. Huyu anahitaji daktari siku ileile anapoamua kuacha. Anayetumia dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kwa muda mrefu naye asikatishwe ghafla, hupunguziwa kidogokidogo.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, ina sura nyingine. Huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hukaza siku ya 2 au ya 3, kisha hulegea ndani ya wiki moja hivi. Kwa kawaida yenyewe haiui, ingawa kutapika na kuhara bila kurudishiwa maji kunaweza kuua. Kinachoua zaidi ni kurudia: baada ya wiki chache za kuwa safi mwili umepoteza uzoefu, na kipimo chake cha zamani kinasimamisha pumzi. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu ameambiwa atupe methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kuthibitisha imani yake. Mwenye kisukari haambiwi atupe insulini.

Sasa hatua zenyewe. Ya 3 ni kuyakabidhi maisha kwa Mungu. Mkristo huifikia upesi, kwa machozi, na kanisa hushangilia kwamba amefunguliwa. Ya 4 inamtaka akae chini na daftari, na hapo ndipo anapotoroka. Ukurasa hugawanywa safu 4: nani anamchoma moyo, alimfanya nini, jambo hilo liligusa wapi, iwe fedha, heshima, usalama au ndoa, na mwisho, yeye mwenyewe alichangia nini. Safu ya mwisho ndiyo ngumu. Hata hivyo, aliyedhalilishwa utotoni asilazimishwe kutafuta kosa lake katika dhambi aliyotendewa. Aandike tu alichofanya na maumivu hayo baadaye. Aandike kwa mkono, nusu saa kwa siku, na amalize ndani ya wiki chache. Daftari linalokaa mwaka mzima limegeuka maficho.

Hatua ya 5 ni kulisoma daftari lote kwa sauti mbele za Mungu na mbele ya mtu mmoja. Wengi husema, “Mungu ameshanisamehe, mwanadamu wa nini?” Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane na kuombeana ili tuponywe. Uraibu huishi kwenye siri, na siri haivunjiki mpaka sikio la mtu liisikie. Msikilizaji awe wa jinsia yake, mwenye miaka kadhaa ya kuwa safi au mchungaji anayetunza siri. Asiwe mwenzi wa ndoa wala bosi wake. Tengeni muda wa saa 3 au 4, simu zimezimwa.

Hapa makanisa hufanya kosa moja baya sana: yaliyosemwa kwenye kikundi cha kupona yanatoka nje yakiwa yamevaa vazi la “ombi la maombi”. Likitokea mara moja tu, hakuna atakayesema ukweli tena.

Kurekebisha makosa kumewekwa nafasi ya 9 kwa sababu. Anayekimbilia kuomba radhi wiki ya kwanza anatafuta nafuu yake. Zakayo mtoza ushuru alitaja kiasi cha kuwarudishia aliowadhulumu: mara nne. Vivyo hivyo mdaiwa aje na kiasi na tarehe, hata kama ni kidogo kila mwezi. Hatua hiyohiyo inakataza kurekebisha pale ambapo ukweli utamjeruhi mtu mwingine, na uamuzi huo aufanye pamoja na mdhamini wake, yaani mwenzake aliyetangulia kupona anayemwongoza, si peke yake.

Kwa siku 90 za mwanzo, mkutano wa kikundi kila siku, ana kwa ana au kwa simu. Mathayo 12 inasimulia nyumba iliyofagiwa ikabaki bila mwenyeji; saa alizokuwa akinywa zisipopangiwa kitu, zitajipangia zenyewe. Hamu ikija, ajiulize: nina njaa? Nina hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Ashughulikie hilo kwanza, ampigie mdhamini, aondoke mahali alipo. Wimbi moja la hamu mara nyingi hupungua ndani ya dakika 15 hadi 30.

Kanisa nalo limpe maji ya zabibu kwenye Meza ya Bwana, lisimpandishe jukwaani kushuhudia kabla hajafika hatua ya 5, wala lisimkabidhi sadaka ahesabu. Akianguka, amwambie mdhamini siku hiyohiyo. Waandike pamoja yaliyotokea siku 3 kabla ya kuanguka: nani alikutana naye, mkutano upi aliukosa, uongo gani mdogo aliusema. Kisha arudi kwenye daftari, palepale alipoachia.